Usukani wa Mama Mkwe

Siku yangu ya mwisho kazini Paulina aliniuliza kwa nini nilichelewa sana chini ya usukani wa ile pikapu nyeupe ya bibi kutoka Mtae, kazi ambayo kwa kawaida naimaliza chai haijapoa. Nilimjibu kwamba bolti zilikuwa na kutu. Bolti zilikuwa mpya. Mlikuwa mmenipa keki na saa ya ukutani, mmenisifu mpaka nikaanza kugeuka nyuma kutafuta anayesifiwa ni nani, na sikutaka kuwaharibia sherehe. Sasa niko nyumbani, saa yenu inanihesabia siku, na Paulina bado anastahili jibu. Nitalitoa kwa njia ndefu, kwa sababu jambo lenyewe linanitia aibu na sijui kulifikia kwa mkato.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo gereji yetu haikuwa navyo, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi chini ya Mzee Singano, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa ile picha iliyo juu ya meza ya vipuri. Alikuwa mtu mfupi, mkali wa maneno na mpole wa mikono. Gereji ilikuwa na Land Rover moja ya kuvutia magari, na milima yetu hii, wakati ule kama leo, ilizalisha magari mabovu mengi kuliko viazi. Siku ya kwanza alinituma nikavute gari la mwalimu mmoja pale Magamba. Nikafika, nikafunga mnyororo, nikapanda, nikavuta. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani ametulia, na ufunguo ukiwa mfukoni mwake, kwa kuwa mtu mwenye akili akizima gari huchomoa ufunguo wake. Kona ya kwanza Land Rover ilikata kulia. Gari la mwalimu halikukata popote. Lilikwenda moja kwa moja ndani ya shamba la kabichi la mama mmoja, likasimama katikati, na mwalimu akiwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikilia mlango uliofungwa kwa nje.

Mzee Singano alikuja kwa miguu. Hakupiga kelele. Aliomba jembe kwa yule mama, akanikabidhi, akasema, "Panda upya. Na kila mche unaoushindilia, useme: usukani kwanza." Nikapanda nikisema, mche kwa mche, mwenye shamba akiwa amejishika mbavu kwa kucheka. Ilikuwa aibu yangu ya kwanza kazini, na nilidhani ndiyo kubwa.

Basi kwa yeyote atakayekuja baada yenu, hivi ndivyo mambo yalivyo. Ndani ya shingo ya usukani kuna kipande cha chuma, unene wa kidole cha mtoto, tunakiita pini. Ukichomoa ufunguo, springi inakisukuma kinaingia kwenye tundu, na usukani unagoma. Kimewekwa kwa ajili ya mwizi. Lakini gari linalovutwa likiwa juu ya magurudumu yake manne lazima likate kona, kwa hiyo ufunguo ubaki kwenye swichi, umegeuzwa hatua ya kwanza, gia ikiwa huru. Kabla hujafunga mnyororo wala chuma cha kuvutia, shika usukani wewe mwenyewe uuzungushe kulia na kushoto. Usiulize. Shika. Ukigoma, usiupige teke. Mara nyingi ni magurudumu yamekaa upande na yanaibana pini, kwa hiyo uvute usukani kidogo huku unageuza ufunguo, nayo itaachia. Mwambie pia anayekaa ndani kwamba injini ikiwa imezima usukani utakuwa mzito na breki itakuwa kama anakanyaga jiwe, asije akadhani ameishiwa nguvu. Na mteremkoni achaneni na mnyororo. Mnyororo unajua kuvuta tu, haujui kuzuia.

Ufunguo ukiwa umepotea ndipo unapoulizwa kama wewe ni fundi. Unafungua kava la plastiki, unatafuta bolti mbili zinazoshikilia loki, yaani kufuli la usukani lenye ile pini, na unakuta hazina vichwa, vilikatwa kiwandani makusudi. Unazigonga ubavuni kwa tindo na nyundo, pole pole, upande wa kufungulia, mpaka zikubali kuzunguka. Halafu unaichomoa loki nzima. Ni kazi ya kulala chali, miguu yako ikining'inia nje ya mlango na kichwa chako kikiwa pale zinapokaa nyayo za dereva. Hilo la nyayo mlikumbuke.

Mzee Singano alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wa mjini walimcheka nalo. Hakugusa loki ya gari lolote kabla ya kwenda nyumba ya karibu, kupiga hodi, kusalimia, na kuleta mtu asimame aone. "Kazi yetu na ya mwizi zinatofautiana kwa salamu tu," alikuwa akisema. Nimelala chini ya usukani mwingi, na kila mara palikuwa na mzee mmoja au mama na mtoto mgongoni wamesimama pembeni, wakinitazama na kunipa ushauri ambao sikuuomba. Ilinisumbua. Nilikuja kujua thamani yake siku nilipowakosa.

Mengine yalinishinda waziwazi. Wageni fulani kule Irente walikuwa na gari la kuwasha kwa kitufe. Betri ikafa, usukani ukajifunga, na mimi nikalizunguka lile gari na tindo yangu mkononi nikitafuta mahali pa kuanzia. Hapakuwepo. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula mkate na jibini, wakinitazama kwa matumaini makubwa. Mwishowe nikawaambia ukweli, kwamba gari lile libebwe juu ya lori. Nanyi semeni ukweli mapema. Ukijifanya unajua, gari la namna hiyo litakuumbua mbele ya watu wanaokula.

Sasa niseme habari za wakwe.

Nilimwoa Naomi kutoka Mtae. Katika ukoo wao mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mkwe wa kiume hampi mkono. Hakai naye benchi moja. Wakikutana njiani, mwanamume anashuka pembeni, anageuzia uso kwenye majani, anasalimia na kungoja apite. Kutazamana usoni ni ukosefu wa adabu, na kusemezana moja kwa moja ni jambo la dharura. Mliozaliwa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana, na sisemi ni vibaya. Sisi tulilelewa hivyo, na nilimpenda mama yule kwa njia hiyo hiyo, ya mbali. Akitaka kuniambia jambo na Naomi hayupo, alimwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, kuna watu wanatoka safari na hawajala." Nami nikamjibu mbuzi kwamba nitashukuru. Mbuzi wa kule wana habari nyingi za familia.

Baba mkwe alipofariki aliacha pikapu nyeupe, na watu wakadhani itauzwa. Mama mkwe akajifunza kuendesha. Alikuwa mtu mzima tayari, kanisani anakaa viti vya mbele, na akawa anashuka na kabichi na peasi zake mpaka soko la Lushoto bila kumtegemea mtu. Nilimwonea fahari. Kumwambia sikuweza, na mbuzi hakuwepo.

Ilikuwa Jumapili, mwaka ambao vuli ilikataa kuisha. Naomi alipigiwa simu na jirani yao aliyepita kwa pikipiki: Mama amekwama kwenye kona upande huu wa Mtae, gari limezuia barabara. Gereji ilikuwa imefungwa na wenzangu wote walikuwa majumbani kwao. Nikachukua Land Rover na chuma cha kuvutia, nikaenda peke yangu.

Kona ile mnaijua. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde, na macho yanaona tambarare yote ya chini mpaka yanachoka. Propela ya pikapu, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekatika mlimani, gari likaanza kurudi nyuma, naye akafanya jambo ambalo madereva wengi wa kiume wasingelifanya kwa utulivu ule: alilielekeza kwenye ukuta likajikita pale, magurudumu ya mbele yamepinda, mkia umebaki barabarani. Alikuwa amekata matawi na kuyalaza juu na chini ya kona kuwaonya wenye magari. Kisha alikuwa amechomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga, wanapofunga akina mama kila kitu cha thamani.

Kanga yenyewe hakuwa ameivaa. Alikuwa na suruali ya kaki ya marehemu mumewe, imekunjwa miguuni, kwa sababu huwezi kupanda na kushuka kwenye pikapu ya kabichi siku nzima na kanga mbili. Nani angemwona? Aliposikia gari akageuka, akanitambua nyuma ya kioo, akainyakua kanga kitini aikung'ute ajisitiri. Fundo likafunguka. Niliuona ufunguo ukimeta mara moja hewani, ukaenda bondeni.

Nikashuka, nikautazama ukuta wa udongo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akaziambia kabichi.

Nikaliinamia tairi nikaliuliza kama mwenye gari ana ufunguo wa pili.

"Wa pili uko kabatini," akaziambia kabichi. "Ufunguo wa kabati ulikuwa pamoja na ule."

Nilipachika chuma cha kuvutia kati ya Land Rover na pikapu, ili lisisogee, na kuweka mawe nyuma ya matairi. Kisha nikalala chini ya usukani, yeye akiwa amesimama mbali na kunipa mgongo. Bolti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Loki haikutoka. Magurudumu yalikuwa yameegemea ukuta na kuupinda usukani, na pini ilibanwa kama jino. Nilijaribu kuuvuta usukani kwa kamba niliyofunga mlangoni, kamba ikanyooka tu. Ilihitajika mikono ya mtu wa pili. Aketi kitini, auvute usukani kushoto kwa nguvu zote, na mimi chini yake nichomoe.

Nyumba ya kupiga hodi haikuwepo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nikaliambia tairi kwamba kazi hii inataka watu wawili. Kabichi zikaambiwa kwamba barabara haikosi mtu, tusubiri. Tukasubiri, yeye mbele ya gari na mimi nyuma, kila mmoja akiomba kimoyomoyo apite mtu yeyote, hata mlevi, atusitiri.

Aliyepita ni Fuso la viazi, kutoka juu. Lilitokea kwenye ukungu likiwa limeshayavuka matawi yetu. Breki zililia, likapinda, likapita kati ya mkia wa pikapu na bonde, na taa yetu ya nyuma ikaenda nalo. Dereva alitukana akiwa anashuka. Kusimama kwenye mteremko ule na mzigo ule asingeweza.

Nilikuwa nimeruka mtaroni. Nilipotoka, Mama Mkwe alikuwa amesimama ananitazama usoni. Nilikuwa na miaka mingi ndani ya ukoo ule na sikuwahi kujua macho yake yana rangi gani.

"Baba," akasema, "basi la Mtae bado halijapanda. Lina watu."

Akapanda kitini. Akavua raba zake akaziweka pembeni ili asiniumize. Akaitandika kanga mapajani, akaikaza, akashika usukani. "Njoo ufanye kazi yako."

Nikalala chali nikaingiza kichwa. Nitasema yote, maana nimeyaficha vya kutosha. Nyayo zake zilikuwa kila upande wa masikio yangu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na kimoja kilikuwa na bandeji ya kitambaa. Pindo la ile suruali lilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nilifumba macho, nikakumbuka kwamba fundi aliyefumba macho hujigonga vidole, nikayafumbua.

"Vuta kushoto, Mama."

Akavuta. Haikutosha. Alikuwa mwepesi, na usukani wa gari lililozimwa hauna huruma. "Nikanyage wapi?" akaniuliza, na hapakuwa na pa kukanyaga isipokuwa bega langu. Nikamwambia. Akaweka mguu begani kwangu, huku akimwomba Mungu radhi kwa Kishambaa, akajikaza. Nami nikampigia kelele mama mkwe wangu, kwa sauti ninayowapigia nyinyi: "Vuta! Vuta zaidi! Usiachie!" Kipande cha chuma kikaruka kikanichana juu ya jicho. Pini ikalia tak, na loki nzima ikaniangukia kifuani.

Wakati huohuo tukamulikwa. Basi la Mtae lilikuwa limesimama kwenye matawi, taratibu kabisa. Lile Fuso lilikutana nalo huko chini na kulionya. Lilikuja likitambaa, na ndani yake mlikuwa na wanaume wa kutosha kubeba pikapu mikononi. Wote walikuwa madirishani. Waliloliona ni mkwe anatoka kwa kutambaa kati ya miguu ya mama mkwe wake, damu usoni, na mama mwenyewe amevaa suruali. Halafu yeye, kwa mkono wake, akachukua pindo la kanga akanifuta damu. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Wanaume walishuka, wakausukuma mkia, basi likapita. Kondakta alitaka kumpa dereva wa kumshikia usukani. Mama Mkwe akamwambia gari ni lake, atalishika mwenyewe.

Mzee Singano alikuwa akitufundisha kwamba anayevuta hana macho yake mwenyewe, macho yake ni ya aliye nyuma. Unatazama kioo zaidi ya barabara. Ukiona anapunguza, unapunguza. Ukiona ameogopa, unasimama. Basi kutoka kona ile mpaka mjini nilimtazama mama mkwe wangu usoni, ndani ya kioo, njia nzima, jambo ambalo mila inakataa hata kwa kufumba na kufumbua. Nilimwona akiuma mdomo kwenye kona. Nilimwona amechoka. Pale Magamba nilimwona analia, mikono yake ikiwa bado kwenye usukani, na sikuweza hata kusimama kumwuliza kuna nini, kwa kuwa kusimama kungemaanisha kwamba nimeona. Hapakuwa na mtu wa kati wa kumtuma. Tulikuwa na chuma tu kati yetu.

Tuliingia mjini jioni, watu wakitoka mazoezi ya kwaya. Kufikia siku ya pili habari ilikuwa imefika Mtae kwa basi na Lushoto kwa miguu, na sehemu zote mbili ilikuwa imenenepa njiani. Mjomba wa Naomi alikuja nyumbani. Hakukaa. "Mbele ya basi zima!" akasema. "Ungengoja!" Na kweli ningengoja. Hilo ndilo lililonichoma kuliko maneno yote ya watu: basi lilikuwa limeshaonywa. Tungesubiri kidogo, wanaume wangeshuka, mmoja angeshika usukani, na mama yule angebaki na heshima yake.

Nikatozwa mbuzi na doti ya kanga. Mbuzi alipokelewa na wajomba, tena alipokelewa vizuri mpaka supu. Kanga alipelekewa Mama Mkwe. Kanga zikarudi. Naomi alirudi nazo kutoka Mtae zikiwa bado na karatasi, akaziweka mezani. Anayerudisha kanga ya radhi amekataa radhi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo angeelewa mtu yeyote wa huku.

Baada ya hapo sikwenda tena Mtae. Krismasi Naomi alikwenda peke yake na watoto, nami nikasema kuna magari. Kulikuwa na magari, yapo kila Krismasi. Nilimnyima mke wangu furaha ya kusafiri na mumewe kwenda kwao, nikaliita jambo hilo kazi. Pikapu ilipokuja gerejini kwa matengenezo nilimwachia fundi mwingine. Naye aliondoa mabaki ya swichi, akafunga swichi ya taa ya nyumbani na kitufe cha kengele ya mlangoni, na kwa miaka yote hiyo gari lile liliwashwa kama mtu anayebisha hodi. Loki halikuwa nayo. Nilijua. Kila mwaka nilijua kwamba gari la mama mkwe wangu linaweza kuibwa na mtoto wa shule, na mimi fundi wa loki Lushoto nzima nikakaa kimya, kwa sababu nisingeweza kulala tena chini ya usukani ule.

Ndipo ikaja siku mliyoniaga. Mlikuwa mnakata keki nilipoiona pikapu nyeupe getini, dereva wa kukodi akiwa kwenye usukani na Mama Mkwe pembeni yake. Amezeeka sana. Naomi ndiye aliyewaambia kwamba bibi anataka loki mpya, maana ameamua kumpa yeye gari, na huwezi kumpa mwanao gari lisilofungika. Nyinyi mkachangamka. Hamisi akachukua tindo. Nilitaka kumwacha. Nilikuwa nimeshavua ovaroli, ningekuwa na sababu.

"Yule," Mama Mkwe akasema, akinyoosha fimbo. Hakusema na mbuzi wala na kabichi.

Nikavaa ovaroli. Mnajua kwamba ukifunga loki mpya lazima mtu aketi kitini na kuuzungusha usukani, pini ipate tundu lake. Paulina alikuwa ameshafungua mlango aingie. Mliona nini? Mliona bibi anamwondoa kwa fimbo, anasaidiwa kupanda, anavua viatu. Mkatabasamu. Mkasema bibi huyu mchangamfu. Naomi hakutabasamu. Alikuwa ameshika mdomo.

Nikalala chini. Nyayo zilikuwa zilezile, zimekonda. Bolti mpya nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga tena, na ndiyo maana nilichelewa, Paulina. Juu yangu alikuwa anaongea, taratibu, kwa sauti ambayo ingefika chini ya usukani na isifike nje ya mlango.

"Zile kanga nilizirudisha," akasema. "Nilidhani utaelewa."

"Nilielewa, Mama. Nilikukosea."

"Hukuelewa. Ningezipokea, ningekuwa nimekubali kwamba kuna kosa lilifanyika pale. Mimi nilikaa kitini kwa hiari yangu. Lile basi lingekuja kwa kasi je? Nimekungoja uje Krismasi nikwambie. Hukuja. Nikangoja nyingine." Vidole vya miguu yake vikajikunja kando ya sikio langu. "Huko njiani nililia kwa sababu ya marehemu. Ile suruali ilichanika."

Mlikuwa mnakula keki. Nilikuwa nimelala chali, spana mkononi, na machozi yanaingia masikioni. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba aibu isiyokuwa yangu, na katika kuibeba nikatengeneza iliyo yangu kweli: mama mzima ameketi mlangoni Mtae anangoja mkwe ambaye anajificha chini ya magari ya watu. Hiyo hakuna mbuzi wa kuilipa. Ninayo hata sasa, nikiandika.

"Na sasa?" akasema. "Nigeuze wapi?"

Nilijifuta masikio kwa mkono wa ovaroli.

"Kulia, Mama," nikasema. "Geuza kulia, pole pole."

Akageuza, na pini ikaingia mahali pake.